Homa ya Bonde la Ufa hutoka ardhini, na humfikia binadamu kwa mikono yake mwenyewe

Daktari wa Zizini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila mamlaka ya hali ya hewa inapotabiri mvua za juu ya wastani, hofu ya Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaompata pia binadamu, hurudi, na jukwaani huibuka mapendekezo yaleyale: wafugaji wanaohamahama wazuiwe, minada yote ifungwe, na wananchi waache kula nyama mpaka hali itulie. Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye mazizi na machinjio ya mikoa ya kati ya Tanzania. Naona mjadala huo huanzia mwisho wa safari ya ugonjwa badala ya mwanzo wake. Homa ya Bonde la Ufa, katika maeneo yetu mengi, haingoji kuletwa na ng'ombe wa kutoka mbali, kwa kuwa kirusi chake huwa tayari kimelala ardhini miaka kadhaa kikisubiri maji. Na kinapoamka, humfikia binadamu zaidi kupitia damu, maji ya uzazi na mimba zilizotupwa kuliko kupitia sahani ya nyama iliyoiva. Mtu akizielewa njia hizo, ataona pia kwa nini kazi kubwa ya kuuzuia ugonjwa huu ni kazi ya kiangazi, wakati ambao hakuna anayeutaja.

Ugonjwa huu ulitambuliwa rasmi nchini Kenya. Mwaka 1930, katika shamba moja la kondoo kando ya Ziwa Naivasha, wana-kondoo walianza kufa kwa kasi ambayo wenye shamba hawakuwahi kuiona, na kondoo wenye mimba wakawa wanazitupa. Daubney na Hudson, wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete, walishirikiana na Garnham, aliyekuwa upande wa tiba ya binadamu, na taarifa yao ikatoka mwaka 1931. Walionyesha kwamba kisababishi kilikuwa kidogo kuliko bakteria, kwani kilipenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Lakini yapo mambo mawili katika kazi yao ambayo kwa maoni yangu yana uzito zaidi. La kwanza, kondoo walipohamishiwa sehemu za juu zenye baridi, vifo vilikoma, na hapo mbu wakaanza kushukiwa. La pili, watu walioshughulika na wanyama wale, wakiwemo watafiti wenyewe, waliugua homa. Yaani njia zote mbili, ya mbu na ya mikono, zilikuwa zimekwishaonekana tangu taarifa ya kwanza kabisa, na bado karibu miaka mia moja baadaye tunabishana kuhusu nyama ya kuchoma.

Swali lililobaki bila jibu kwa miongo mingi lilikuwa hili: kati ya mlipuko mmoja na mwingine inaweza kupita miaka 5, 10 au hata 15 ya ukimya, sasa kirusi huwa kimejificha wapi? Jibu muhimu lilipatikana Kenya na kuchapishwa mwaka 1985. Watafiti wakiongozwa na Kenneth Linthicum walikwenda kwenye mbuga zilizofurika, wakachota viluwiluwi vya mbu, wakavilea hadi vikawa mbu kamili, kisha wakawapima. Mbu hao walikuwa hawajamng'ata mnyama yeyote tangu wazaliwe, lakini baadhi yao walikutwa na kirusi. Kirusi kilipatikana hata kwa madume, na mbu dume hanywi damu maisha yake yote. Haikubaki tafsiri nyingine ya maana isipokuwa kwamba walikirithi kutoka kwa mama zao kupitia yai.

Mbuga ninazozungumzia ni yale mabonde tambarare ya udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka hadi mguu wa mbuzi ukaweza kuzama kwenye ufa, na masika hugeuka ziwa la kina kifupi. Mbu fulani wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wenye unyevunyevu wa pembezoni mwa maji, si juu ya maji yenyewe. Yai hilo ni lazima likauke kwanza, kisha lifunikwe na maji, ndipo lianguliwe, na likikosa maji linaweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Mvua ya kawaida inayolowesha bonde na kukauka haraka haitoshi, kwa sababu viluwiluwi vinahitaji maji yaliyotuama kwa siku kadhaa mfululizo mpaka wakomae. Ndiyo maana ugonjwa huu hauji kila masika. Huja ile miaka ambayo bonde linafurika na kubaki limefurika kwa wiki kadhaa, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 1997 na mwishoni mwa 2006, miaka ambayo joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki lilipanda kwa pamoja na kutuletea mvua zisizo za kawaida.

Mbu wa kwanza kutoka kwenye mayai hayo ni wachache wenye kirusi, na kazi yao ni kuwasha moto tu. Huwang'ata ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaolisha karibu na bonde, na ndani ya mnyama kirusi huzaliana kwa wingi wa kutisha, kiasi kwamba mililita moja ya damu ya kondoo mgonjwa inaweza kuwa na mamilioni ya virusi. Baada ya hapo huingia kundi la pili la mbu, hasa jamii ya Culex, ambao huzaliana kwenye maji yaliyokaa muda mrefu na ambao hawakuzaliwa na kirusi, bali hukinywa kutoka kwa mnyama huyo na kukisambaza zizi kwa zizi. Mfugaji kwa wakati huo huona kitu kimoja kisichofanana na ugonjwa mwingine wowote: karibu kila kondoo mwenye mimba, awe na mimba changa au pevu, anaitupa katika muda wa siku chache, na wana-kondoo wachanga wanakufa kabla mwenyewe hajamaliza kuwahesabu waliokufa jana. Kondoo wakubwa hufa kwa kiasi kidogo zaidi, ng'ombe wakubwa kidogo zaidi ya hapo.

Sasa tuje kwa binadamu. Mbu anaweza kumwambukiza mtu moja kwa moja, hilo halina ubishi. Lakini wagonjwa wetu wengi waliotafitiwa katika milipuko mbalimbali walikuwa na historia ya kushika: amechinja, amechuna, amemzalisha mnyama, amebeba mzoga, ametupa kitoto kilichozaliwa kimekufa. Nendeni kwenye chinjio lolote la kijijini, lile la bamba la zege na kenchi moja ya kutundikia, mwangalie saa kumi na moja alfajiri. Mchinjaji yuko pekupeku au amevaa ndala, damu imemfika kwenye kifundo, na anapofika mahali pa kuvuta ngozi kwa mikono miwili, kisu anakibana kwa meno. Ana mikwaruzo vidoleni, kwa kuwa hakuna mchinjaji asiye nayo. Damu inaporuka, matone madogo humwingia machoni na puani. Mnyama huyo akiwa na kirusi, hakuna mbu anayehitajika tena hapo.

Mwaka 2007 ugonjwa ulianzia upande wa Arusha mwezi Januari na baadaye ukashuka hadi mikoa mingine, na Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko yote. Wagonjwa walioripotiwa nchini walizidi 260, na waliofariki walizidi 100. Mjini, watu waliikimbia nyama ya ng'ombe na mbuzi wakahamia kwenye kuku na samaki, ambao bei zao zilipanda. Wakati huohuo, vijijini, mnyama aliyeonekana kudhoofika alichinjwa harakaharaka ili asife bure, na hilo ndilo tendo la hatari kuliko yote. Hofu ilikwenda mahali pasipo hatari kubwa, na hatari ikaachwa mahali pasipo na hofu.

Nitaishia hapo kwa sasa. Karibuni kwa hoja na maswali.

Muuza Nyama Majengo

Daktari, salaam. Nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi nina bucha, na mwaka ule nilikaa wiki kadhaa nikiuza kilo chache ambazo hazikutosha hata kulipa umeme wa jokofu, kwa hiyo maneno yako kuhusu nyama iliyoiva yamenigusa. Hata hivyo naomba ufafanue vizuri, kwa sababu wateja huuliza na mimi sina elimu ya kuwajibu. Ikiwa damu ina mamilioni ya virusi, nyama inakosaje virusi? Je, kijana wangu anayebeba mapaja begani kutoka machinjioni, shati limelowa, yuko salama?

Daktari wa Zizini

Ndugu yangu, nashukuru kwa swali, nami nitalijibu kwa sehemu mbili kwa kuwa majibu yake hayafanani.

Kuhusu mlaji, kuna ulinzi wa aina mbili. Nyama ya mnyama aliyekuwa na afya, ikipumzika baada ya kuchinjwa, hujijengea uchachu wa asili, na kirusi hiki hakivumilii uchachu. Kisha kuna moto: kuipika nyama mpaka iive ndani hukiua kabisa. Kwa hiyo mteja anayenunua nyama iliyokaguliwa na kuipika nyumbani hana sababu ya kuihofia. Anayebaki hatarini jikoni ni yule anayeosha na kukatakata nyama mbichi yenye damu, hasa maini, figo na bandama, akiwa na kidonda mkononi. Maziwa yachemshwe, na damu mbichi isinywewe katika msimu huo. Najua kwamba kwa baadhi ya jamii zetu hili ni jambo la heshima na la desturi, lakini sitalizunguka.

Kuhusu kijana wako, hapana, hayuko salama kwa kiwango hicho. Paja linalotoka kwenye kenchi likiwa bado na joto halijapata muda wa kuchachuka. Mpatie koti la plastiki linalooshwa, mabuti, na utaratibu wa kunawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula au sigara. Mchinjaji wake apate glavu na kitu cha kukinga macho. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya wiki ulizozitaja. Ila yote hayo hayachukui nafasi ya ukaguzi wa mnyama akiwa hai, kabla kisu hakijamgusa, kwa sababu mnyama mwenye homa akishachinjwa madhara kwa mchinjaji yamekwishatokea, hata kama mzoga utakataliwa baadaye.

Msafiri wa Pwani

Mkuu, uzi mzuri, lakini ninapingana nawe kwenye jambo la msingi. Unasema ugonjwa hauletwi. Mwaka 2000 Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Saudi Arabia, eneo la Jizan, na ng'ambo ya pili nchini Yemeni. Bara Arabu halikuwahi kuwa na ugonjwa huu kabla ya hapo. Mayai ya mbu hayakuvuka Bahari ya Shamu yenyewe. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kirusi cha kule kilikuwa ndugu wa karibu wa kile kilichotusumbua Afrika Mashariki mwaka 1997 na 1998. Kabla ya hapo, mwaka 1977, kilitokea Misri na kuua watu karibu 600. Ikiwa mifugo inayosafirishwa haina hatia, hayo yalitokeaje? Naona unawatetea wasafirishaji zaidi ya inavyostahili.

Daktari wa Zizini

Hoja yako ni nzito na naiheshimu, kwani mifano uliyoitaja ni ya kweli yote. Naomba tutenganishe maswali mawili ambayo mara nyingi huunganishwa. Moja ni jinsi kirusi kinavyofika nchi ambayo hakijawahi kufika. Kwa hilo, usafirishaji wa mifugo ndiyo maelezo yenye nguvu kuliko mengine. Meli zinazopakia kondoo na mbuzi bandari ya Berbera, pwani ya Somalia, kwa ajili ya soko la hija hubeba wanyama kwa idadi kubwa na kwa muda mfupi, na kwa mnyama aliyeambukizwa siku chache kabla ya kupakiwa, safari ni fupi kiasi cha kumshusha akiwa bado na kirusi kwenye damu. Akishushwa kwenye uwanda wa Jizan wenye joto, maji na mbu, kinachofuata hakihitaji mtabiri. Kwa hiyo karantini ya bandarini ina maana, na sijaipinga.

Swali la pili ni kwa nini ugonjwa unazuka Kongwa ya Dodoma, au Garissa na Ijara za Kenya, mwaka huu na si mwaka jana, ilhali mifugo imekuwa ikipita kwenye njia hizohizo miaka yote. Hapo usafirishaji haujibu kitu. Garissa na Dodoma hazihitaji kuletewa kirusi. Wakati wa mlipuko, ndiyo, kuzuia mnyama asitoke kwenye eneo lenye wagonjwa hupunguza kusambaa kwenda bonde jirani ambalo nalo limefurika na lina Culex wa kutosha, na hiyo ndiyo sababu hatua hiyo huchukuliwa. Ninachokikataa ni kuifanya iwe hatua ya kwanza na ya pekee, na kuwaadhibu kwayo wafugaji ambao bonde lao halijapata hata mgonjwa mmoja.

Ongeza na gharama. Baada ya mwaka 2000 Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na kwa Wasomali mlango huo ulikuja kufunguliwa mwaka 2009. Familia zilizotegemea kuuza mbuzi wachache kila msimu wa hija zilikaa karibu miaka tisa zikiuza kwa bei ya hasara au kwa njia za panya. Na mnyama wa njia ya panya hapimwi na mtu yeyote.

Mfugaji wa Longido

Shikamoo, daktari. Mimi si msomi wa mambo haya, ila nimefuga tangu utotoni na baba yangu alifuga kabla yangu. Nataka watu wa mjini wajue kwamba sisi tuliuona ugonjwa ule kabla redio haijautangaza. Mvua ilikataa kukatika, mbu wakawa wengi hata ng'ombe hawalali, kisha kondoo wakaanza kutupa mimba. Wazee walisema moja kwa moja kwamba hali hii wamewahi kuiona. Tulipeleka taarifa. Tuliambiwa tusubiri mtaalamu, na mtaalamu alifika wakati mizoga imekwishakauka. Leo mtu akiniambia kwamba mfugaji ndiye anayeficha ugonjwa, mimi hunyamaza tu.

Daktari wa Zizini

Marahaba, mzee wangu. Ulichokieleza kilikuja kuandikwa na watafiti, na kwa bahati nzuri walikiandika kwa hesabu. Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, waliwahoji wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya na wa kaskazini mwa Tanzania kuhusu mfuatano wa matukio. Kwa wastani, kutoka mvua kubwa kuanza hadi mbu kujaa zilipita zaidi kidogo ya wiki tatu. Kutoka mbu kujaa hadi mnyama wa kwanza kuugua zilipita takriban siku 17, na kutoka hapo hadi binadamu wa kwanza kuugua zikapita nyingine kama hizo. Huduma za afya ya binadamu ziliwafikia mwezi mmoja hivi baada ya mgonjwa wao wa kwanza. Huduma za mifugo, yaani idara ya kwetu sisi, ziliwafikia miezi miwili baada ya mnyama wa kwanza kuugua.

Wasomaji wapige hesabu wenyewe. Kuanzia mvua kubwa hadi mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu kuna takriban siku 58. Ni muda mrefu kuliko tunavyodhani. Na mwaka ule hata wenye setilaiti waliona: kundi la watafiti waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na ukijani wa nyika kutoka angani walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya mlipuko kuthibitishwa. Tahadhari ilikuwepo, wafugaji walikuwa wameona, lakini kati ya wawili hao hapakuwa na simu, gari wala bajeti ya mafuta iliyowaunganisha. Mimi nilikuwa kwenye mfumo huo na ninajua jinsi barua ya kuomba mafuta inavyosafiri.

Nitoe angalizo moja kwako na kwa wafugaji wenzako. Mnyama akifa ghafla na damu ikimtoka kwenye matundu ya mwili, msimpasue kuangalia kilichomuua, kwa sababu dalili hiyo ni ya kimeta pia. Kimeta hakihitaji mbu: bakteria wake wakikutana na hewa hujifunga kwenye ganda gumu na kukaa kwenye udongo wa malisho kwa miongo. Mzoga usiopasuliwa huwazuia wengi wao wasifikie hatua hiyo. Hata kama ulikuwa na uhakika kwamba ni Homa ya Bonde la Ufa, kumpasua kungekuweka kwenye njia yake ileile ya mikono.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Nachangia kutoka upande wa wodini. Tatizo letu ni kwamba mgonjwa wa siku za mwanzo hana tofauti na wa malaria: homa ya ghafla, kichwa, mgongo, misuli inauma, na pengine kutapika, siku 2 hadi 6 tangu alipoambukizwa. Wengi hupona ndani ya wiki moja na hawarudi tena. Wachache hurudi baadaye wakilalamika kwamba macho hayaoni vizuri, au ndugu wanawaleta wakiwa wamechanganyikiwa. Wachache zaidi huingia kwenye hali mbaya mapema, macho yanakuwa ya njano kisha damu inatoka puani, kwenye ufizi na kwenye matapishi, na hao karibu nusu hatuwaokoi. Swali nililojifunza kuliuliza ni jepesi: je, wiki hii umechinja, umezalisha, au umeshika mzoga? Kipimo cha malaria kikiwa hasi na jibu la swali hilo likiwa ndiyo, hatungoji.

Nina maswali mawili kwa daktari. Vitabu vinasema wanaofika hatua ya kutoka damu ni chini ya asilimia 1, lakini wewe umesema mwaka 2007 walikufa zaidi ya 100 kati ya 260 na ushee. Hesabu hizo zinakubalianaje? Pia, tulipopata taarifa za Marburg kule Kagera mwaka 2023, mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Je, na huu tuuogope vilevile?

Daktari wa Zizini

Dada yangu, la kwanza: hao 260 na ushee kwa sehemu kubwa walikuwa wale walioumwa kiasi cha kufika hospitali. Nyuma yao walikuwapo maelfu waliopata homa ya siku nne, wakanywa dawa ya malaria na kurudi kazini. Uchunguzi wa kingamwili baada ya milipuko hukuta watu wengi walioambukizwa bila kujua. Anayegawanya vifo kwa wagonjwa wa hospitalini peke yao lazima apate ugonjwa unaoonekana kuua zaidi ya theluthi ya watu.

La pili ni la muhimu kwa watumishi wote. Haijathibitishwa kwamba Homa ya Bonde la Ufa huambukizwa kutoka mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Marburg ni kinyume chake. Kirusi cha Marburg hutunzwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni, humfikia binadamu mara chache sana, lakini kikishamfikia hutembea kutoka mtu hadi mtu kwa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili, hadi msibani wakati wa kuosha maiti. Kagera walipatikana wagonjwa 9, wakafa 6, na mnyororo ulikatwa kwa kuwafuatilia watu waliokutana nao. Kwa Bonde la Ufa, kuwafuatilia waliomtembelea mgonjwa hakutakufikisha mbali. Unatakiwa ufuatilie mnyama alikotoka. Pamoja na hayo, msiache glavu, kwa kuwa siku ya kwanza hamjui mliye naye ni mgonjwa wa kipi, na sampuli ya damu ni hatari kwa mtu wa maabara katika magonjwa yote mawili.

Kijana wa Bahi

Wakuu, swali langu ni la moja kwa moja. Kama chanjo ya mifugo ipo, kwa nini serikali zisisubiri utabiri wa mvua kubwa kisha zichanje zote kwa mpigo? Kuchanja kila mwaka kwa ugonjwa unaokuja baada ya miaka 10 ni kutupa fedha.

Daktari wa Zizini

Swali hili ndilo linaloamua mambo yote, na halina jibu rahisi.

Chanjo iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni ya Smithburn, iliyotokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa Uganda mwaka 1944 na kudhoofishwa maabara. Kenya huizalisha kupitia taasisi yake ya KEVEVAPI. Ni ya bei nafuu, na dozi moja hulinda kwa miaka. Kasoro yake ni kwamba kirusi chake kiko hai, na mnyama mwenye mimba akichanjwa anaweza kuitupa au kuzaa mtoto mwenye kilema. Zipo chanjo za kirusi kilichouawa, ambazo ni salama kwa wenye mimba, lakini zinadai kurudiwa, na kurudia kwa mfugaji anayehama ni ndoto. Afrika Kusini walisajili nyingine yenye kirusi hai, Clone 13, ambayo kirusi chake kimekosa sehemu ya makali. Kwa binadamu hakuna chanjo iliyoruhusiwa kwa matumizi ya umma.

Ukingoja utabiri, unapambana na saa. Utabiri wa kuaminika unaweza kukupa miezi miwili au mitatu. Ndani yake uagize dozi, zizalishwe, zisafiri kwa ubaridi hadi kwenye vijiji ambavyo barabara zake ndizo za kwanza kukatika mvua ikianza. Mbu wakishajaa na mnyama wa kwanza akishaugua, sindano yenyewe inageuka kuwa mbu. Mchanjaji anayetembea na sindano moja kutoka mnyama hadi mnyama, kama inavyofanyika karibu kila mahali, humchoma mnyama ambaye tayari ana kirusi damuni, kisha anampelekea aliye nyuma yake. Kwa sababu hiyo, kuchanja katikati ya mlipuko kunaweza kuukuza, na wataalamu wengi hukukataza.

Kuhusu gharama ya kila mwaka, una haki. Lakini hakuna anayehitaji kuchanja nchi nzima. Mabonde yanayofurika yanajulikana. Ramani ya milipuko ya nyuma hurudia majina yaleyale. Kinachobadilika ni kundi. Baada ya mlipuko, wanyama waliopona hubaki na kinga, ila kila mwaka baadhi yao huuzwa au kuchinjwa na nafasi zao kuchukuliwa na ndama na wana-kondoo wasio na kinga. Ikipita miaka 7 au 8, kundi lililozunguka bonde linakuwa karibu lote jipya, na mayai yako palepale. Kwa hiyo ningependekeza kuchanja mifugo michanga ya vijiji vya mabondeni tu, kila kiangazi, kabla majike hayajapandwa, kwa sindano mpya kwa kila mnyama au angalau kwa kila zizi. Bajeti yake ni sehemu ndogo ya ile inayotafutwa kwa dharura mlipuko ukishatokea.

Mfugaji wa Longido

Daktari, hapo umesema jambo linalofanyika. Nina swali la mwisho. Mimba zikitupwa usiku porini, mbwa huzikuta kabla yetu. Na wanaozitoa zizini asubuhi kwa kawaida ni akina mama na watoto. Tufanyeje, ilhali glavu hazipo?

Daktari wa Zizini

Mzee wangu, mbwa wafungwe usiku katika wiki hizo. Watoto na mama wajawazito wasiruhusiwe kabisa kufanya kazi hiyo, na hata kwa wengine afanye mtu mzima mmoja, yuleyule kila siku. Kama glavu hazipo, avae mifuko ya plastiki mizima mikononi, miwili kila mkono, na afunge kwa kamba juu ya kiwiko. Atumie koleo au jiti refu, asibebe kwa mkono hata akiwa ameuvika. Shimo lichimbwe mbali na maji, lenye kina cha kifua, liwekwe majivu au chokaa na kufukiwa siku hiyohiyo, pamoja na kondo la nyuma na majani yaliyolowa. Ikiwa kuni zipo, kuchoma ni bora zaidi. Mifuko iingie shimoni pia. Mimba ya kwanza ichukuliwe sampuli na mtaalamu ikiwezekana, kwa hiyo mpige simu kabla ya kufukia, na asipofika ndani ya saa chache fukieni, msimsubiri.